Gauni la Mama Lilivyopanda Nyuma

Leo sikuja na mshono wala pishi. Wengi mnanijua kwa madera na magauni ya Idd, na kila nikiandika kutoka huku bara hakosi mmoja wa kuniuliza vipi mtoto wa Wete kafika Kakonko. Nimeolewa, jamani. Mwaka 2015 nilikuwa nimemaliza kozi ya ushoni, nikaolewa na Muha wa Kasulu aliyekuja Pemba kutafuta riziki, na kabla mwaka haujaisha tukahamia kwao. Meli, kisha mabasi, kisha milima yenye ubaridi ambako watu wakikusalimu huinama wakapiga makofi taratibu. "Mwakeye!" Mimi nilisimama kama mlingoti, sijui nijibu nini. Mama mkwe wangu alichutama mpaka chini kunisalimu, mie mtoto mdogo, nami nikaona haya nikachutama pia. Tukabaki tumechutama wote wawili tukicheka. Nimeanza na kuchutama kwake kwa sababu hivi sasa hawezi tena, na habari yenyewe ndiyo hiyo.

Gauni langu la kwanza nililolishona katika nchi hii lilikuwa lake. Kitenge cha kijani chenye maua ya njano. Nilichukua vipimo kama tulivyofundishwa: bega, kifua, kiuno, nyonga, urefu kutoka begani kwa mbele mpaka kwenye kisigino. Urefu wake ulikuwa inchi 54. Nikaandika katika daftari langu, jina lake juu na tarehe pembeni. Mwalimu wetu alikuwa mkali wa tarehe. Akisema mteja hunenepa, hukonda, huzaa, na fundi asiyeandika tarehe atamshonea mtu wa jana. Zamani nilidhani ni kero tu.

Mwanzoni mwa 2016 kambi ya Mtendeli ilifunguliwa kupokea wakimbizi wa Burundi, na mume wangu akasema biashara iko huko. Tukahamia. Nilianza na cherehani moja ya kukanyaga, nikaishia na tatu na wasichana wawili wa kunisaidia. Wanawake wa Kirundi wanapenda nguo, Mungu awahifadhi, hata katika dhiki ile walitafuta kitambaa cha ubatizo na cha harusi. Mwishoni mwa 2021 kambi ikafungwa na watu wakahamishiwa Nduta, upande wa Kibondo. Soko likapoa kama chai iliyosahauliwa. Nikabeba vyerehani vyangu nikaja Kakonko mjini, lakini Mama alibaki Mtendeli kijijini, kwa sababu mjini hakuna shamba la muhogo na hataki kununua mchicha kwa pesa. Ni mwendo wa bodaboda tu, tunaonana kila wiki.

Sasa sikilizeni mambo yalivyokuja, maana yalikuja kidogo kidogo na kila moja lilikuwa na maelezo yake.

Mwaka 2019 Mama aliteleza mlangoni mwa jikoni. Hakuanguka kutoka juu ya mti wala kwenye pikipiki. Alikuwa amesimama, mguu ukateleza, akajikinga kwa mkono, na mkono ukavunjika kwenye kifundo. Alipelekwa kwa mzee anayeunga mifupa, akafungwa kwa vipande vya mianzi, ukapona ukiwa umepinda kidogo. Sote tukasema ni bahati mbaya na ni utu uzima. Hakuna aliyeuliza kwa nini mfupa wa mtu mzima uvunjike kwa kuanguka kutoka urefu wake mwenyewe.

Kisha Idd el-Fitr ya 2023. Nikamshonea gauni kwa vipimo vya zamani, maana mwili wake haukuwa umenenepa wala kukonda. Alipolivaa, pindo la mbele lilikuwa linaburura chini na la nyuma limepanda mpaka juu ya vifundo. Nikashangaa. Nikampima upya: inchi 51 na nusu. Mafundi wenzangu mtanielewa, wazo la kwanza halikuwa mwili wake, lilikuwa tepu yangu, kwamba imevutika. Nikaichukua tepu nyingine, ikasema yale yale. Nikamwambia, "Mama, leo umeinama." Akajibu, "Siinami mwanangu, ndivyo ninavyosimama." Nikachukua mkasi nikapunguza mbele inchi mbili, nikakunja, nikapiga pasi. Gauni likakaa vizuri. Watu wakalisifu, na mimi nikajisifu.

Inchi mbili na nusu ni zaidi ya sentimita sita. Baadaye daktari aliniambia kwamba mtu mzima akipungua kama sentimita nne kutoka urefu wa ujana wake, inafaa uti wa mgongo upigwe picha, kwa sababu huenda pingili moja au zaidi imebonyea bila mwenyewe kujua. Si zote huuma. Mimi nilikuwa nimeshika ushahidi huo mkononi, umeandikwa kwa kalamu yangu pamoja na tarehe, nikautibu kwa mkasi.

Nije kwenye lile linaloniudhi zaidi. Miezi miwili baada ya Idd tulikwenda Kasulu kwenye harusi. Sokoni palikuwa na hema, kijana amevaa koti jeupe, ana kompyuta ndogo na kile wanachokiita kipimo cha mwili mzima. Na huko visiwani mnavijua, vimejaa. Unashika kijiti cha chuma kama dakika moja, kompyuta inapiga milio, inatoka karatasi ndefu: moyo, ini, figo, macho, vitamini, na mstari mmoja wa mifupa. Nilikuwa nimeanza kuwa na wasiwasi kwa sababu Mama alikuwa akilalamika mgongo, na swala zake alikuwa ameanza kuziswalia kwenye kiti. Nikasema hapa nimepata. Nikalipia watu wawili.

Majibu: mifupa yangu mimi, mtu wa miaka 35, imepungua sana. Mifupa ya Mama iko vizuri. Yule kijana akanitazama kwa huruma, akafungua sanduku lililokuwa chini ya meza. Humo mna makopo ya unga wa kalisi. Nikanunua makopo matatu kwa pesa niliyokuwa nimeiweka ya uzi na zipu. Kwa Mama sikununua kitu, kwa nini ninunue na mifupa yake ni mizima? Mimi mfanyabiashara, ninayejua kuuza na kujua mteja anavyouzwa, na bado sikujiuliza kwa nini mpimaji na muuza dawa wawe mtu mmoja.

Novemba mwaka ule mvua zilikuwa zimeshika. Mama aliinua ndoo ya maji, wala haikuwa imejaa, akasikia kitu kimelia mgongoni kama kijiti kikavu. Akakaa chini. Jirani akatupigia simu. Tulipofika hakuwa akilia, alikuwa amenyamaza na jasho linamtoka, na mimi kunyamaza kwa mtu kunanitisha kuliko kilio.

Hospitali wakampiga eksirei. Daktari alikuwa kijana, mpole, akatuonyesha kwenye kioo: pingili moja katikati ya mgongo imebonyea upande wa mbele imekuwa kama kabari, na nyingine mbili juu yake zimebonyea kidogo, hizo za zamani. Za zamani! Maana yake wakati namkatia pindo tayari zilikuwa zimekwisha kuvunjika.

Hakukimbilia kusema ni nini. Alimuuliza Mama maswali mengi: ana kikohozi, anatoka jasho usiku, amepungua uzito, ana homa? Akatueleza kwamba pingili ikibonyea huku kwetu lazima kwanza uifikirie TB ya mgongo, na kwa mtu mzima uifikirie saratani pia, usije ukampa mtu dawa ya mifupa kumbe ana ugonjwa mwingine. Akatoa vipimo vya damu na vya makohozi. Ilituchukua wiki kumaliza vyote, na ile wiki sikulala. Yalipotoka salama ndipo akauliza ya zamani. Umewahi kuvunjika? Mkono, mwaka 2019. Hedhi ilikatika ukiwa na umri gani? Mama hana cheti cha kuzaliwa, huhesabu kwa matukio, alikuwa mwari wakati watu wanahamishiwa kwenye vijiji miaka ya 1970. Tukahesabu pamoja naye, tukaona ilikatika akiwa na arobaini na moja au mbili. Mapema. Daktari akaandika hilo akalipigia mstari.

Nikatoa na zile karatasi za Kasulu, nilikuwa nimezitunza. Daktari akazisoma, akanirudishia, akasema, "Hebu soma hapa juu." Juu ya karatasi yangu palikuwa pameandikwa umri: 67. Juu ya karatasi ya Mama: 35. Yule kijana alikuwa amebadilisha miaka yetu wakati anaandika. Kile chuma hakikuwa kimesoma mfupa wa mtu yeyote. Kompyuta ilikuwa imesoma umri iliyoandikiwa, ikamwambia wa 67 kwamba amechakaa na wa 35 kwamba ni mzima. Daktari hakucheka. Mimi ndiye niliyecheka, kile kicheko cha hasira, kisha nikatoka nje.

Akatueleza ugonjwa wenyewe. Wenyewe wanauita osteoporosisi. Mfupa si jiwe, ni kitu kilicho hai, kila siku unabomolewa kidogo na kujengwa kidogo. Ujanani ujenzi unashinda. Ukifika miaka thelathini hivi unakuwa umefika kilele, kisha unaanza kushuka polepole. Kwa mwanamke, hedhi ikikatika, ile homoni ya estrojeni iliyokuwa ikiwazuia wabomoaji huondoka, na kwa miaka kadhaa ubomoaji unakwenda mbio. Mfupa kwa nje unabaki na umbo lake, kwa ndani umekuwa na matundu. Aliyevunjika bila kishindo ndiye hujua. Wataalamu wa kimataifa wanakadiria kwamba duniani, katika kila wanawake watatu waliopita miaka 50, mmoja atavunjika mfupa kwa sababu hii katika maisha yake yaliyobaki, na wanaume mmoja katika watano. Kwa hiyo na akina baba wamo.

Shemeji yangu aliye Dar es Salaam alipopata habari akapiga simu: "Aletwe huku apimwe kwa mashine, DEXA." Alikuwa ameisoma. Mimi pia nikataka, kwa sababu baada ya kudanganywa na chuma nilitaka kuona mashine ya kweli. Nikauliza Kibondo, nikauliza Kasulu, nikamtuma mtu aulize Kigoma mjini. Hakuna aliyenionyesha ilipo. Daktari wetu akasema neno ambalo sikulipenda wakati ule: "Mama yenu ameshapimwa. Pingili imevunjika kwa kuinua ndoo, mkono ulivunjika kwa kuteleza. Mfupa umeshatoa majibu. Naweza kumwanzishia dawa leo." Mume wangu akaona daktari anataka kutunyima safari. Kikao cha familia kikakaa, simu ikiwa katikati ya jamvi, na kikao kikashinda. Tukasubiri maumivu yapungue, na Februari 2024 tukaondoka.

Sitasema mengi kuhusu basi. Kakonko, Nyakanazi, Kahama, Singida, Dodoma, Dar. Matuta yote ya barabara ile nayajua mmoja mmoja. Nilikuwa nimemshonea mto wa kuegemea mgongo, nikauweka upya kila tukisimama. Mama alisoma tasbihi yake njia nzima, na kila tuta alinishika goti. Pesa ya safari ile ndiyo iliyokuwa ya mashine ya ovaloki. Mpaka leo nasafisha mapindo yangu kwa zigizagi.

Kipimo chenyewe sasa, maana najua ndicho wengine mnachokiogopa. Hakuna sindano, hakuna kuingia kwenye pipa. Walituambia siku moja kabla asimeze vidonge vya kalisi, na siku yenyewe asivae kitu chenye chuma: zipu, kifungo, kulabu. Hapo fundi nilifaidi, nilimshonea dera la pamba lenye lastiki tu, hata kifungo kimoja hakina. Mpimaji alikuwa mwanamke, na Mama hakuvuliwa kitu, alibaki na dera lake na mtandio wake. Alilala chali kwenye meza laini, wakamwekea kiegemeo chini ya miguu, mkono wa mashine ukapita juu yake taratibu kutoka kiunoni kwenda kwenye nyonga. Kama robo saa, basi. Mionzi yake ni kidogo mno, chini sana ya eksirei ya mgongo aliyokwisha kupigwa. Mwenye mimba, hata ya kudhania, lazima aseme kabla.

Mashine inapitisha mionzi ya nguvu mbili tofauti. Mfupa huzuia kiasi fulani, nyama huzuia kiasi kingine, na kwa kulinganisha hizo mbili inakokotoa mfupa una madini kiasi gani kwa kila sentimita ya mraba. Kisha inatoa namba wanayoiita alama ya T. Hiyo ni kukulinganisha na mwanamke kijana mwenye mifupa mizima. Kipimo cha Shirika la Afya Duniani cha mwaka 1994 ndicho kinachotumika mpaka leo: ukiwa kwenye -1 au juu yake uko sawa, kati ya -1 na -2.5 mfupa umepungua, ukifika -2.5 au chini ya hapo ndiyo osteoporosisi yenyewe. Hiyo alama ya kutoa msiichukulie kama deni, inaonyesha tu umeshuka hatua ngapi kutoka kwa yule kijana. Na yule kijana, nilipouliza ni nani, nikaambiwa vipimo vya nyonga kwa kawaida hulinganishwa na wasichana Wazungu wa Marekani wa miaka 20 hadi 29. Mama yangu aliyebeba kuni milima ya Kakonko tangu mtoto analinganishwa na msichana wa Marekani! Nilimtafsiria, akasema, "Huyo naye alikuwa akibeba nini?"

Nyonga yake ilitoka -2.9. Kwenye mgongo waliziacha nje ya hesabu zile pingili zilizobonyea, kwa sababu mfupa uliobonyea hushindiliwa, na mashine huuona mzito kuliko ulivyo. Hilo nalo nililiweka kichwani. Hata mashine ya kweli inahitaji mtu wa kuisoma.

Daktari wa Dar akaziangalia namba, akaangalia eksirei tuliyokuja nayo, akaandika dawa. Ni ile ile aliyoitaja daktari wetu wa huku, jina lile lile. Nilimtazama mume wangu, naye akaangalia dari.

Je, najuta? Sijuti kwa sababu sasa tuna namba ya kuanzia, na akipimwa tena baada ya miaka kadhaa tutajua kama dawa inashika. Lakini ninajuta mpangilio. Tulikaa miezi mitatu bila dawa tukisubiri mashine itueleze jambo lililokuwa limeshaandikwa kwenye eksirei, kwenye kifundo chake cha mkono na kwenye daftari langu. Laiti angeteleza tena miezi ile akavunja nyonga, tungekuwa na cha kumjibu Mungu? Kipimo hiki kinamfaa zaidi yule ambaye bado hajavunjika, kumwonyesha kabla hajavunjika. Mwanamke wa miaka 65 na kuendelea, au aliyekatika hedhi mapema, au ambaye mama yake alivunjika nyonga, au ametumia dawa za steroidi muda mrefu. Huyo akipata njia ya kukifikia, akapime. Aliyekwisha kuvunjika pingili au nyonga kwa kuanguka kidogo, na daktari ameshaondoa magonjwa mengine, asizuiliwe dawa kwa sababu mashine iko mbali.

Dawa yenyewe ni alendroneti, kidonge kimoja kwa wiki, na kina adabu zake. Humezwa asubuhi kabla ya kitu chochote, kwa bilauri nzima ya maji matupu, si chai wala maziwa, na baada ya hapo nusu saa hakuna kula wala kulala, ukae au usimame wima, la sivyo kinaunguza koo. Kabla ya kuanza walimpima figo, wakamuuliza habari za meno. Pamoja nacho ana kalisi na vitamini D, ila hivyo havimezwi pamoja na kidonge, ni baadaye.

Tulirudi Kakonko na Ramadhani ikawa hii hapa, na Mama akasema hatakula mchana kwa ajili ya kidonge. Tukampigia daktari. Tukakubaliana kidonge chake cha Jumatatu akimeze magharibi: adhana ikitoka anafuturu kwa maji na kile kidonge, anaswali Magharibi kwenye kiti mgongo ukiwa wima, nusu saa ikitimia ndipo anapewa tende na uji. Jumatatu nne zile watoto walikuwa wakimhesabia dakika, na mdogo akimwonea huruma akitaka kumpenyezea sambusa. Mwenye dawa yake amuulize daktari wake, msichukue ratiba ya Mama yangu mkaifanya yenu.

Mnaniuliza na mimi je, mifupa yangu? Nina miaka 37 sasa. Yale makopo matatu nilimaliza moja, mawili yamekaa kabatini kama ukumbusho. Nilimuuliza daktari kama nipime na mimi nilipokuwa Dar, akasema kwa umri wangu na kama sina ugonjwa wa kunipeleka huko, hapana, namba hiyo isingenifaa kitu. Nilimwambia nilitumia sindano ya uzazi wa mpango, ile ya miezi mitatu, kwa miaka minne. Akasema ni kweli hupunguza uzito wa mifupa wakati unaitumia, lakini kwa sehemu kubwa hurudi ukiacha, na si sababu ya mtu kuiacha kwa hofu bila kuzungumza na mhudumu wake. Nimelitaja kwa sababu najua wangapi kati yenu mnaitumia.

Akaniuliza ninakula nini. Nikamwambia dagaa. Akafurahi. Dagaa wa Kigoma wanaliwa na mifupa yao, na kalisi iko humo kwenye mifupa, bei yake hata nusu ya kopo haifiki. Maziwa, maharage, majani ya kijani. Kutembea na kubeba vitu kunaupa mfupa kazi, na mfupa bila kazi hulegea. Hapo fundi nina kesi, maana ninashinda nimekaa kwenye cherehani. Na jua. Sisi tunaojisitiri na kushinda ndani, ngozi hailioni jua, na vitamini D hutengenezwa na jua. Tangu siku hiyo nina kiti changu uani ambako hakuna mwanamume anayeingia, nakunja mikono ya nguo, naotesha vifungo huko badala ya ndani ya duka.

Kwa Mama tulifanya yale ya bei rahisi ambayo tulipaswa kuyafanya 2019. Kizingiti cha jikoni kimevunjwa na kusawazishwa kwa saruji. Njia ya chooni ina kokoto, haitelezi. Kuna taa ya sola pale anapoamka kwa tahajudi. Maji huyachota mjukuu, na Mama hukasirika. Ndoo kaachiwa ile ndogo ya lita tano, aishike kwa mikono miwili karibu na tumbo, apige magoti badala ya kukunja mgongo. Watu wakija, huwapigia makofi akiwa amekaa, na kila mara huomba radhi kwamba hachutami.

Wiki iliyopita alikuja dukani nimpime gauni la Idd. Kabla ya tepu nilimsimamisha ukutani kama alivyonifundisha yule daktari kijana, visigino na mgongo vimegusa ukuta, nikamwambia agusishe na kisogo. Hakifiki. Paliingia vidole vyangu vitatu. Mwaka jana vilikuwa vitatu pia, nimeandika. Urefu inchi 51 na nusu, haukupungua. Safari hii sikukata mbele. Nimechora mgongo upya, nimeuongezea inchi mbili kwenye mabega na kuupa mviringo uufuate mgongo wake ulivyo, ili pindo likae sawa pande zote. Ni kitenge cha kijani. Maua ya njano sikuyapata, yapo meupe.

Sasa kila mteja wangu aliyepita miaka 50 hukuta nimefungua ukurasa wake wa zamani kabla sijampima. Wawili tayari wamepungua zaidi ya inchi moja na nusu. Mmoja nimempeleka mwenyewe hospitali Jumanne. Wa pili anasema nimemzulia uzee, amekwenda kushona kwa fundi mwingine.